Ukitoka Wodi ya Kifua Utafanya Kazi Gani

Wasichana wa wodini hunijia siku za Jumapili wakitoka misa. Wanakaa kwenye mkeka wangu, wanavua viatu, wanasema nyayo zinawaka moto. Halafu mmoja ananiuliza lile lile ambalo wenzake waliniuliza Jumapili iliyopita: "Mama Nabwire, mtu akichoka na unesi atafanya kazi gani? Wewe ulitoka, ukafanya nini?" Mimi pumzi yangu ni ya pafu moja na kidogo. Nikianza kujibu kwa mdomo, katikati ya jibu nakohoa, wao wanatazamana, na mmoja anasogeza kikombe chake cha chai akidhani sijaona. Nimeona. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Shule nilisoma huko Buhehe mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, basi mkikuta herufi imekaa vibaya ipiteni tu. Majina ya watu nimeyaandika. Jina la hospitali sikuandika, maana hospitali ni matofali na mabati, na mimi sijawahi kuona tofali likiiba dawa.

Mambo ya mishahara na vyeo sitayaeleza. Mishahara mnaijua. Cheo sikupata.

Niliingia kazini kabla kidogo ya uhuru. Mume wangu alikuwa ameoa mwanamke mwingine, mimi sikuwa na mtoto wa kunishikilia pale kwake, nikamfuata kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi ya reli Tororo. Nikasikia hospitali inatafuta wanawake wa kufua mashuka. Siku ya kwanza nikaambiwa mashuka yatangoja, nenda kule nyuma kwenye wodi ya kifua kikuu, kuna mtu amekosekana. Kufika nikajua kwa nini mtu alikosekana. Palikuwa na meza ndefu, juu yake vikombe vya bati vyenye vifuniko, kila mgonjwa na chake, na vyote vimejaa makohozi. Kazi yangu ilikuwa kuvimwaga, kuvichemsha na kuvirudisha.

Dresa, yaani mfunga vidonda wa wodi, alikuwa Mzee Okoth, Mjapadhola wa Kisoko, mtu mrefu, mwembamba, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kukukata. Naye hakuwa na cheti. Alianza kazi wakati wa vita, akifunga vidonda vya askari, na vita vilipokwisha hakuna aliyemwambia aache. Aliniona nimesimama mbele ya vile vikombe nimebana pumzi.

"Nyara," akaniambia. Kwa lugha ya kwao ni binti yangu, na hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. "Usishike pumzi."

"Mzee, vinanuka."

"Vinanuka, ndiyo. Lakini ukiishika, utaiachia. Na ukiiachia, utavuta kubwa kama ng'ombe aliyekosa maji. Vuta ndogo ndogo. Geuza uso kwenye dirisha. Kifuniko kifungue upande ulio mbali na wewe."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la unesi, na mpaka leo sijasikia likifundishwa darasani. Mashuka sikuyafua hata siku moja.

Okoth alinifundisha kila kitu nilichokuja kujua. Sindano zetu zilikuwa za chuma, zinachemshwa na kutumiwa tena, na zikichoka zinanolewa kwenye jiwe lenye mafuta. Ukishanoa, unaipitisha ncha kwenye pamba. Ikitoka na unyuzi wa pamba, ina ndoano, irudishe kwenye jiwe, kwa sababu huo unyuzi kesho utakuwa nyama ya mtu. Bomba la sindano ni la kioo, lina namba, na kijiti chake cha ndani kina namba hiyo hiyo. Usiwaozeshe wasiojuana, dawa itavuja. Na pa kuchoma: "Gawa tako kama chapati mara nne," alisema. "Choma robo ya juu, ya nje. Zile robo nyingine tatu ni za mwenyewe."

Dawa yetu kubwa ilikuwa streptomaisini, tuliyoiita strepto. Ni unga katika chupa ndogo. Unatia maji yaliyochemshwa, unatikisa, unachoma kila siku kwa miezi. Okoth alikuwa na desturi yake: katoni mpya ikifika, anachukua kijiti chenye dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda vya mdomoni, na kuweka nukta juu ya kizibo cha kila chupa ya zamani iliyobaki, ili itumike kabla ya mpya. Hakuna aliyemtuma. Na chupa ilifunguliwa mbele ya mgonjwa. Mgonjwa aone, alisema, huyu ndiye anayechomwa.

Strepto ina alama yake. Ukishachomwa, baada ya muda mfupi ngozi ya kuzunguka mdomo inaingia ganzi. Si kwa wote, lakini kwa wengi. Wagonjwa walikuwa wanajipigapiga midomo kwa vidole na kucheka. "Dresa, leo waragi yako ni kali!" Mwingine anajibu, "Kunywa, ni ya serikali, haina deni." Wodi ya watu wanaokufa, lakini saa ile ya baada ya sindano ilikuwa na kelele kama kilabu cha pombe.

Baada ya uhuru waliletwa manesi wenye vyeti, na mkuu wa wodi yetu akawa Sista Kezia. Si mtawa, sista wa cheo. Huyu ni wa kwanza katika majina yangu. Wodi ilikuwa kando ya barabara ya murram, madirisha yamefunguliwa siku zote kwa amri ya Okoth, na vumbi jekundu liliingia. Wakubwa walipenda kutembelea hospitali miaka ile, kila juma mkubwa mpya, na Sista Kezia alitaka wakute mashuka meupe.

"Okoth, funga madirisha. Shuka zangu zinakuwa kama udongo."

"Sista, shuka tutafua. Hewa hii ikibaki humu ndani tutakohoa sote."

"Wewe umeishi humu miaka yote hiyo. Umekohoa?"

"Kwa sababu madirisha yako wazi."

Alicheka, tena kicheko kizuri, alikuwa mwanamke mwenye meno mazuri. Kesho yake fundi akaja na misumari. Wakubwa wakaja, wakasifu mashuka.

Mimi ndiye niliyeanza kukohoa. Homa ya jioni, jasho, gauni la kazi likaanza kuning'inia. Nikatoka upande wa meza nikaenda upande wa kitanda, wodi ile ile. Wanawake walionipokea walikuwa wale wale niliokuwa nikiwamwagia vikombe. "Nesi, karibu nyumbani," mmoja akaniambia, "kikombe chako ni kile pale, ujimwagie mwenyewe." Tulicheka mpaka tukatema damu. Okoth alinichoma kila siku, mdomo wangu ukafa ganzi vizuri, masikio yakalia kama nyenje, na baada ya miezi nyama ikaanza kurudi mwilini. Pafu moja halikurudi sawa. Lakini nilipona, na nilipona kwa dawa kamili. Hilo mlishike.

Nilipokuwa karibu kutoka, Okoth akalala. Alijua kabla ya kupigwa picha ya kifua. Alijikohoza kwenye kikombe, akatazama, akafunika, akaniambia, "Haya. Na mimi nimefika."

Mwenye ufunguo wa stoo ya dawa alikuwa msaidizi wa daktari, Ezironi Wandera. Huyu ni wa pili. Mtu wa maneno laini, mwenye kukusalimia wewe mpaka kuku wako. Dresa alipolala, Wandera alisema sasa dawa ataichanganya yeye mwenyewe ofisini, ili kusiwe na makosa. Basi sindano zikawa zinakuja zimeshajazwa, juu ya sinia, zimefunikwa kitambaa cheupe. Hakuna chupa, hakuna kizibo. Mgonjwa anaona kitambaa.

Siku moja nilikuwa nimekaa kitandani kwa Okoth. Alikuwa ametoka kuchomwa. Akawa anajipiga mdomo kwa kidole, tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Nyara, mdomo wangu ni mzima."

"Labda wewe si wa ganzi."

"Jana mzima. Juzi mzima. Waulize wale."

Nikazunguka vitanda. Waliokuwa wageni hawakuelewa hata nauliza nini. Wazee wa wodi walisema eeh, waragi siku hizi ni maji. Walisema kama utani. Okoth hakucheka. Alilala akatazama dari, na mimi nilijua anahesabu ni nani kwenye vile vitanda atakufa.

Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi.

"Bwana Wandera, dawa ya siku hizi haitii ganzi."

"Nabwire, wewe ni mgonjwa au ni mkaguzi?"

"Ni mgonjwa."

"Basi lala."

Sista Kezia alikuwa pale pale, anakunja foronya. Alisikia. Alikunja foronya ile, akaikunjua, akaikunja tena. Juma lile lile nikaambiwa nimepona, niende. Kazi ya wodini sirudi, kwa sababu ya kifua, na kama si kifua ni kwa sababu ya cheti. Okoth naye akaambiwa wodi imejaa, akapumzike kwao Kisoko, apewe vidonge, na sindano atakuja kuchomwa mara moja moja akipata nguvu. Mtu anayehitaji sindano kila siku.

Sasa hapo ndipo swali lenu linapoingia, wasichana. Nesi mwenye uzoefu ametoka wodini, atafanya kazi gani? Nawapa zote nilizojaribu.

Ya kwanza, hospitali yenyewe ilinipa ufagio. Kufagia uwanja na kuchoma bandeji chafu kwenye shimo. Moshi na vumbi kwa mtu aliyetoka kuugua kifua. Nilifagia mpaka nikaona damu kwenye leso, nikauegemeza ufagio ukutani nikaondoka.

Ya pili, kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilitaka mtu wa chumba cha huduma ya kwanza. Karani akaniuliza cheti. Nikamwambia sina, lakini kidonda chochote nitakifunga. "Mama," akasema, "ukikifunga bila cheti, kitapona bila kibali." Wenzake walicheka sana. Hata mimi nilicheka, nikiwa nimeshafika nje.

Ya tatu ilikuwa Molo, hii ya kwetu Tororo, kwa shangazi yangu, kuzalisha wanawake majumbani. Hiyo ni kazi nzuri na niliipenda. Mtoto wa kwanza alitoka salama, wakanipa kuku. Kwa wa pili nilikohoa. Mama mkwe wa yule mzazi akanishika mkono akanitoa mpaka uani. "Kwaheri, mwanangu. Usituharibie mtoto." Nilipokuwa nafunga kanga nilisikia maji yakimwagwa kwenye kizingiti nilichovuka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ya nne ni Busia, na jina la tatu.

Felista Auma alikuwa nesi wa vyeti, aliwahi kuwa hospitalini kwetu kabla hajaona mwanga. Aliacha, akapanga chumba nyuma ya duka la nguo karibu na soko, upande wetu wa mpaka, akaweka pazia, kitanda cha kamba, jiko la mkaa na sufuria ya kuchemshia sindano. Wateja wake walikuwa wachuuzi wa samaki, taniboi wa malori, wanawake wanaovuka asubuhi kutoka upande wa Kenya na kurudi jioni. Nilimfuata kwa sababu moja. Niliambiwa anayo strepto, na Okoth alikuwa anakufa Kisoko.

Nilipokaa kwenye benchi nilisikia mambo. Kijana wa lori aliingia anatembea amepanua miguu.

"Dada, kisonono kimenishika tena. Leo usinipe ile nyepesi. Nipe ile ya wodi ya kifua."

"Ile ni ghali, mume wangu."

"Si kitu. Kama inaua kifua kikuu, hiki cha chini kitasimama?"

Hivyo ndivyo Busia nzima ilivyoamini. Penisilini ilikuwa ya watoto na mafua. Mwanamume aliyejiheshimu alichomwa dawa ya kifua, hata kama ugonjwa wake ni kichwa au mke kumkimbia. Akitoka pale mdomo umekufa ganzi, anatembea sokoni akijipigapiga mdomo ili watu waone amechomwa ile kali. Nikaitazama ile midomo. Nilikuwa nimeitafuta vitandani kwetu nikaikosa, kumbe imehamia huku.

Felista alipochukua chupa nikaona juu ya kizibo nukta ya zambarau.

"Hii alama ni ya nani?" nikamuuliza.

"Sijui. Zinakuja hivyo."

"Zinatoka kwa nani?"

"Nabwire, unataka dawa au unataka jina?"

"Vyote."

Alicheka, akafuta mikono. "Wandera. Haya, jina nimekupa bure. Dawa utaifanyia kazi. Mimi mkono wangu umechoka, na wewe sindano yako najua ni nyepesi. Chomea watu hapa kuanzia asubuhi, nikulipe kwa chupa."

Kuna watu wanaotaka niseme kwamba nilikataa. Sikukataa hata kwa dakika. Nilinawa mikono, nikauliza jiwe la kunolea liko wapi. Nikachoma taniboi, nikachoma wachuuzi, nikagawa chapati za wanaume waliolewa saa nne ya asubuhi. Kila chupa niliyoitia kwa mtu wa kisonono nilijua imetoka kwenye kitanda cha mtu. Na kila juma nilifunga chupa zangu kwenye kanga, nikapanda baiskeli ya kukodi mpaka Kisoko. Sijutii. Wa kujuta ni mwenye ufunguo.

Kwa kuwa sindano ni ya kila siku na mimi niko Busia, nilimfundisha mkewe, Mama Owori. Mikono yake ilikuwa ya jembe, migumu, na siku ya kwanza alilishika bomba kama mpini.

"Gawa mara nne," Okoth akamwambia.

"Sasa mwanamume huyu amebaki na tako la kugawa mara nne?" mkewe akajibu. "Nitagawa mara mbili, mengine ni mifupa."

Okoth alicheka akakohoa. Halafu akachukua chupa tupu, akaigeuza, akatazama kizibo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesahau kuifuta ile nukta, au labda sikutaka kuifuta.

"Nyara, huu ni mkono wangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Umeipata wapi?"

Nikamweleza yote, ofisi, pazia, taniboi.  Mkewe alitaka kulia, Mzee akamzuia kwa kiganja. "Waliniibia," akasema, "na sasa wananiuzia kwa jasho la binti yangu. Haya. Ichomwe." Na baada ya muda alijipiga mdomo, akatikisa kichwa. Ganzi ilikuwapo.

Msimu mmoja wa mvua alinenepa kidogo. Alitoka nje mwenyewe, alisimama mlangoni, alikosoa jinsi majirani walivyopanda mtama. Mimi nikaanza kuamini. Halafu homa ikarudi, na damu, na safari hii dawa ilikuwa kamili, ganzi ipo, masikio yanalia, lakini ugonjwa hausikii. Yeye ndiye aliyenieleza, akiwa na sauti ndogo. Zile siku za maji wodini, dawa ilikuwa kidogo tu ndani yake. Haikutosha kuua. Ilitosha kukizoesha kile kijidudu. Sasa kimezoea, hata umpe mtu strepto ya dunia nzima hakifi.

"Tuendelee?" nikamuuliza.

Hakunisikia. Masikio yalikuwa yameanza kufa kwa ile dawa yenyewe. Nikamkaribia nikapiga kelele, "Mzee, tuendelee?"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi," akasema, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akitania. Tukaendelea, kwa sababu kuacha kungekuwa kusema kitu ambacho hakuna aliyetaka kukisema. Alikufa asubuhi, mkewe akiwa shambani na mimi nikimpangusa shingo. Alishusha pumzi, ndogo ndogo, kama alivyonifundisha, na nyingine haikuja.

Wandera alileta lori la hospitali. Alileta mbao za sanduku, alileta sukari na chai ya waombolezaji, na alikuja mwenyewe amevaa suti nyeusi. Alisimama akahutubu: hospitali imempoteza nguzo, mtu mwaminifu, na kadhalika. Watu waliguswa. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Hospitali inajua kuthamini."

Kwetu huku, Wasamia kwa Wajapadhola, marehemu hashushwi kaburini mpaka aliyemuuguza asimame na kueleza ugonjwa: ulianza vipi, alitibiwa wapi, aliharibika lini. Watu wanataka kujua kilichomuua mwenzao ili wasije wakamshuku jirani. Aliyemuuguza ni mimi na mjane, na mjane alisema hawezi kusimama. Kabla sijainuka alinishika gauni.

"Nabwire. Huyu ndiye aliyeleta lori."

"Naona."

"Na mbao. Mimi nisingepata mbao. Sema taratibu."

Nilisimama. Nilisema taratibu kweli, maana pumzi ya kusema haraka sina. Nikaeleza madirisha na misumari, na Sista Kezia kwa jina. Nikaeleza ofisi na kitambaa cheupe. Nikasema, "Aliyemtilia maji dawa yake ni Ezironi Wandera, huyu hapa, amekaa kwenye kiti cha wageni."

Palitokea mguno kama ng'ombe wengi wameshtuka zizini. Wandera hakuinua hata sauti.

"Ndugu zangu, dada yetu ana uchungu, na pia ni mgonjwa. Lakini aulizwe jambo moja. Dawa aliyokuwa akimchoma marehemu nyumbani, bila ruhusa ya daktari, bila cheti, aliipata wapi?"

Macho yote yakanigeukia. Mzee mmoja akasema, "Hilo ni swali. Mama, ulipata wapi?"

"Kwako," nikamjibu Wandera. "Kwa mkono wa Felista Auma, Busia, nyuma ya duka la nguo. Nilichomea wanaume kisonono ili nilipwe dawa uliyoiba kitandani kwa marehemu."

"Mmesikia wenyewe," Wandera akasema. "Anachoma watu sokoni."

Kaka mkubwa wa Okoth ndiye aliyesimamia mazishi. Alimtazama Wandera, akanitazama mimi, akalitazama lori. "Bwana, anayosema ni kweli?"

"Mimi nimekuja kuzika, Mzee. Sikuja kortini."

Yule mzee alifikiri. Nilikuwa na tumaini, sitawaficha. Halafu akasema, "Basi tuzike, jua linakwenda." Na tukazika. Wandera alishika koleo akatupa udongo, na hakuna aliyemzuia. Watu wakanywa chai ya sukari yake. Wengine walipita karibu yangu wakazunguka kwa mbali, na sikujua wanakiogopa kifua au mdomo. Sista Kezia yuko, bado ana meno mazuri. Felista amehamisha pazia lake upande wa Kenya, wateja wamemfuata. Nilisema vyeo sitaeleza, lakini cha Wandera kilipanda.

Kwa Felista sikurudi. Hakukuwa na mtu wa kumchukulia dawa. Hospitali baada ya maneno yale hata ufagio wasingenipa. Nilikuwa nimelala kwa Mama Owori zile siku za matanga, na yalipokwisha nikafunga kanga zangu, nikakaa mlangoni nikifikiri ni njia ipi niishike. Yeye alikuwa anaosha sufuria.

"Watu wanasema umeniharibia mazishi," akaniambia bila kugeuka.

"Nimesikia."

"Umeniharibia. Lori halitakuja tena kwenye boma hili." Akaifudikiza sufuria juani. "Lakini nikiulizwa mume wangu aliuawa na nini, najua la kujibu. Wajane wenzangu wote hapa hawajui." Akapangusa mikono. "Unajua kulima njugu?"

Nikamwambia najua kuchoma sindano bila kuumiza. Najua kunoa, kuchemsha, kufunga kidonda, kuzalisha, kuosha mgonjwa bila kumgeuza mara mbili. Najua kusikiliza kifua kwa sikio tupu.

"Sikukuuliza hayo," akasema, na akaingia ndani kuleta jembe la marehemu.

Mpini ulikuwa mrefu mno kwangu. Tukaukata.